Kishale Kilisogea Chenyewe

Maili Moja, Kibaha
5 Februari 2024

Kaka Mwinyimadi, shikamoo.

Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua akiona karatasi mkononi mwako atauliza kuna msiba gani. Mwambie hakuna msiba. Ni mimi Rukaya, mzima, nimekonda kidogo kwa joto la mwezi huu. Wifi Mwanahalima naye mwambie ule unga wa muhogo alionifungia nimeumaliza, na majirani niliowaonjesha wanauliza utakuja lini mwingine.

Nimehama mtaa wa Picha ya Ndege. Sasa niko Maili Moja, chumba na sebule, maji yanatoka siku yanapotaka yenyewe. Kazini ni yale yale. Watu wanasema nakaa kwenye kiyoyozi nabofyabofya tu. Hawajui kwamba kutwa nzima ninakuwa ndani ya kompyuta za watu walio mbali. Wewe unaijua shughuli hiyo, maana nimeshaingia kwenye ya kwako mara nyingi kutengeneza printa: mtu ananisomea namba iliyo kwenye kidirisha, anabonyeza Ruhusu, na mimi huku makao makuu naona kila kilicho kwenye skrini yake na kuishika kama yangu. Juzi mtu wa tawi la Mlandizi kanipigia, "Dada Rukaya, kompyuta imepandwa na mashetani, inaandika yenyewe!" Naingia, nakuta herufi j imejipanga kurasa na kurasa. Nimefuta, nimezima, nimewasha, inarudi. Kumbe ameegemeza faili la risiti juu ya kibodi. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Kuanzia leo tusiandikiane tena kwa WhatsApp. Najua unaifungua kwenye kompyuta ya ofisini kwa sababu herufi za simu ni ndogo. Usiifungue tena pale. Mambo ya nyumbani, ya Mama, ya shamba, yasipite kabisa kwenye mashine ile. Tuandikiane hivi hivi kwa mkono. Bilali wa gari la mihogo anashusha soko la Mlandizi kila Jumamosi, atanipelekea na kuniletea.

Usiniulize sababu, kaka. Nakuomba tu.

Wako anayewakumbuka wote,
Rukaya


Masaki, Kisarawe
18 Februari 2024

Mdogo wangu Rukaya,

Marahaba. Karatasi yako imefika ina harufu ya muhogo mbichi, Bilali aliichomeka katikati ya viroba. Mama nimempa salamu. Goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Amesema nikuulize kama unakula au unashindia chai. Mwanahalima ameshaloweka muhogo mwingine, unga utaupata. Huku tunafyeka chini ya mikorosho na kungoja masika. Wachoma mkaa wameukaribia mpaka wetu wa upande wa bondeni, nimewaonya kwa upole, nikiwaonya mara ya pili haitakuwa kwa upole.

Umeniambia nisikuulize sababu, sikuulizi. Tena umenifaa. Simu zimenichosha. Mtandao wa huku unakwaruza, mtu anasema hivi wewe unapata vile. Ukinipigia nisipopokea usinune. Andika.

Hapa tawini Kisarawe mambo si mazuri sana. Nadhani yamefika huko Kibaha, lakini bora uyapate kwangu. Lile friji letu la chanjo za mifugo lilipata joto, chanjo za kuku zote zikaharibika. Friji hilo lina king'ora, joto likipanda linalia. Wanasema lilikuwa linalia toka tumefungua milango, na mimi nimekaa karibu yake naingiza mauzo kwenye kompyuta. Stellamaris, yule binti wa kaunta, alikuwa ametoka kwenda benki. Aliporudi akalikimbilia friji, akanigeukia: "Baba, kwani hulisikii?" Nikamjibu, "Mashine zinalia kila siku, nitasimama mara ngapi?"

Jibu hilo limefika Kibaha kabla sijafika nyumbani. Wananiita jeuri. Basi na waniite.

Huyo aliyeegemeza faili kwenye kibodi mwambie namwelewa.

Kaka yako,
Mwinyimadi


Maili Moja, Kibaha
9 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Ramadhani inabisha hodi na mimi sijanunua hata tambi. Mwambie Mama ninakula, na wifi mwambie unga umefika salama, kiroba kimepasuka kona tu. Kibaha mvua imeanza kunyesha vipande vipande, inaloweka upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine mkavu.

Habari ya friji ilifika, ndiyo. Meneja wetu, Bwana Wilbrod, aliizungumza kwenye kikao huku akigonga meza kwa kalamu. "Huyu mzee wa Kisarawe ana dharau. Wateja wanapiga simu inaita mpaka inakata. Wafugaji wanakaa bila dawa. Saa za kazi anafanya nini?" Kama unavyojua, hapa hakuna anayejua kwamba sisi ni wa mama mmoja. Baba yako na baba yangu ni mbalimbali, majina yetu hayafanani, na siku naajiriwa sikuona haja ya kusema. Sasa naona haja na sina pa kuanzia.

Wameniongezea kazi ambayo siipendi. Sitaki kuiandika humu. Nikirudi nyumbani natembea chumbani kutoka mlangoni hadi dirishani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa nasimama. Chai inapoa.

Kaka, wewe u mzima? Sikuulizi kwa adabu ya barua, nakuuliza kweli. Mara ya mwisho nilipokuja, Mama aliniambia siku hizi unaongea kwa sauti kubwa kama uko ng'ambo ya bonde. Nilidhani ni maneno ya wazee. Kisarawe pale kuna hospitali, si lazima usubiri ugonjwa ukulaze. Na hayo mafuta ya kitunguu saumu usitie masikioni, yanaunguza na hayatibu chochote.

Funga njema. Nikipata ruhusa Iddi nitakuwa kwenu.

Rukaya


Masaki, Kisarawe
24 Machi 2024

Rukaya,

Marahaba. Tunafunga vizuri, alhamdulillah. Mama amezuiwa na goti kwenda tarawehe, anasali nyumbani na kumlaumu kila anayekwenda. Mwanahalima mzima. Masika yameshuka, tumepanda.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Umeandika habari ya mafuta ya kitunguu saumu. Nimejaribu kukumbuka nilimwambia nani habari hiyo. Mwanahalima sikumwambia, wala Mama. Wewe ndiyo kabisa. Kitu pekee nilichokiuliza ni kompyuta ya ofisini, Stellamaris akiwa ameenda kula. Niliandika swali, nikasoma majibu, nikafuta.

Kuna jambo jingine sikutaka kulitia kwenye karatasi. Wiki moja kabla ya barua yako nilikuwa pale naangalia video, daktari mmoja anaeleza mambo yake. Haikutoa sauti. Nikaongeza, nikaongeza, nikaweka sikio karibu na kisanduku cha spika, kimya. Sitakuambia nilifikiri nini wakati ule. Mikono nilikuwa nimeiweka mapajani. Kishale kikasogea chenyewe. Rukaya, naapa sikuwa nimegusa kipanya. Kikashuka taratibu mpaka kwenye kile kialama cha sauti chenye mkwaju, ule mstari uliokikata, kikabonyeza, mkwaju ukatoka. Sauti ikaja. Ndogo, lakini ikaja. Halafu kishale kikabaki pale kinatetemeka kama mtu aliyeshikwa.

Sikubonyeza Ruhusu siku ile. Hakuna kidirisha chochote kilichonitokea.

Kuna mtu ndani ya kompyuta yangu. Wewe ndiye fundi wa nyumba hii, basi niambie ni nani na atolewe vipi. Au niambie nimekosea, nimeanza uzee mapema. Lolote utakalosema nitaliamini, kwa hiyo chagua vizuri.

Mwinyimadi


Maili Moja, Kibaha
4 Mei 2024

Kaka yangu Mwinyimadi, shikamoo. Shikamoo Mama. Wifi Mwanahalima, salaam.

Iddi imepita na sikuja. Mlisikia barabara zimekatika na mimi nikaikumbatia sababu hiyo. Ni kweli Bilali alikwama na gari lake, na ni kweli mto Ruvu ulijaa. Lakini barua yako ilikuwa mkononi mwangu kabla hajakwama. Nimeanza kujibu, nimechana, nimeanza tena.

Hujakosea wala hujazeeka. Aliyekuwa ndani ni mimi.

Bwana Wilbrod aliniita mwezi wa pili, wateja walipolalamika kwamba simu za Kisarawe hazipokelewi. Akasema, "Ile kompyuta ya yule mzee, iondolee kile kidirisha cha kuomba ruhusa. Uwe unaingia kimya. Uniandikie anafanya nini." Nikamwambia tumezoea kumuuliza mtumiaji kwanza. Akasema, "Kompyuta ni ya kampuni. Unamuuliza ya nini?" Jioni ile ndiyo niliyokuandikia tuache WhatsApp. Nilidhani nikikufungia mlango mmoja nitakuwa nimekuokoa.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilijiambia nikikataa kazi hiyo atapewa Fabian, mwenzangu wa meza ya pili, naye hana huruma na mtu. Bora nikae mimi pale niandike mazuri. Nikawa naandika: anaingiza mauzo, anakagua stoo, yuko kazini. Nilijiona mjanja. Lakini kila siku nilikuwa nafungua mlango na kukuta mgongo wako.

Nimekuona unaburuta sauti mpaka mwisho wa mstari, halafu unaburuta tena kama vile mstari unaweza kurefuka. Nimeona unavyowaandikia wateja, "Tafadhali nitumie kwa maandishi." Nimekuona unarudia video ile ile ya daktari. Nikajua. Na sikuweza kukuambia ninajua, kwa sababu ungeuliza nimejuaje. Nilikuwa kama mtu anayemchungulia kaka yake bafuni, halafu anataka kumwambia mgongoni una jipu.

Siku ya ile video niliona sauti imezimwa na wewe hujui. Uliirudisha mwanzo. Ukairudisha tena. Skrini hainionyeshi uso wako, kaka, lakini nilijua uko vipi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Sikuombi kitu leo. Ila niruhusu nimwambie Bwana Wilbrod hali yako, ataacha kukuita jeuri. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana.

Rukaya


Masaki, Kisarawe
12 Mei 2024

Rukaya,

Salamu zimefika. Mama hajambo. Mihogo imeota.

Hapana.

Masikio ni yangu na aliyenipa ni Mungu. Sikukupa wewe, na sikumpa Wilbrod. Watu wakijua mzee wa stoo hasikii, kesho watasema haoni, keshokutwa watasema hajui kuhesabu. Nimeshaona walivyomfanyia mlinzi wetu wa zamani alipoanza kuchechemea.

Ningekuwa naiba dawa, ningekuelewa. Mwizi huwekewa macho. Mimi nilikuwa najificha aibu tu, na pa kujifichia palikuwa mahali pamoja tu, kile kiti cha ofisini. Nyumbani Mama ananisemesha, Mwanahalima ananisemesha, nadakia midomo yao nikijibu kwa kubahatisha. Pale mbele ya kompyuta nilikuwa napumua. Sasa nimekaa hapo juzi, nikashindwa hata kujikuna.

Umesema uliandika mazuri. Nani alikutuma uniandike?

Nimeitwa Kibaha tarehe ishirini na moja kujieleza. Kama utakuwemo chumbani, usinisalimie.

Mwinyimadi


Maili Moja, Kibaha
25 Mei 2024

Kaka, shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Mama na wifi wape salamu. Mimi niko nyumbani, na si kwa ugonjwa. Utaelewa mbele.

Sikukusalimia kama ulivyosema. Niliinamisha kichwa ulipopita. Lakini najua ulitoka katika kikao kile cha matawi yote hujapata nusu ya yaliyosemwa. Ulikuwepo na hukuwepo. Kwa hiyo nakuandikia yaliyosemwa, yote, hata yanayonichoma mimi, kwa sababu ni haki yako na hakuna mwingine atakayekupa.

Bwana Wilbrod alisoma akiwa ameinamia makaratasi, ndiyo maana ulikuwa unajisogeza kitini kutafuta uso wake. Swali la kwanza alikuuliza, "Kwa nini hupokei simu?" Wewe ukajibu, "Sindano zilipokelewa Jumanne, zote." Ndipo watu wakacheka. Nilikuona unacheka nao kidogo, kaka, ukidhani umesema jambo la kuchekesha. Hapo nilishika ukingo wa meza.

Yule mama wa utumishi hakucheka. Alisema, "Labda hakuelewa swali." Bwana Wilbrod akamjibu, "Anaelewa. Huyu ndiyo kawaida yake, ukimuuliza mashariki anakujibu magharibi." Kisha akaniamuru niwashe skrini ya ukutani, niwaonyeshe ripoti za shughuli zako.

Uliniona nimesimama na sikuwasha. Nadhani ulidhani mashine imekwama. Haikukwama. Nilisema hivi: "Ripoti hizi nimeziandika mimi kwa kuingia kwenye kompyuta yake bila yeye kujua, kwa maagizo niliyopewa. Na mimi ni dada yake, tumezaliwa tumbo moja. Kwa hiyo hazifai kwa njia zote mbili. Mwenye kupeleleza alikuwa anajua anafanya vibaya, na mwenye kuandika alikuwa anapendelea."

Habari ya masikio sikuitaja. Ulisema hapana na nimeishika hapana yako mpaka ulimi umeniuma.

Basi kikao kikavurugika. Ule mkono uliouona umeinuliwa nyuma ni wa mtu wa Mlandizi, yule wa faili na kibodi. Aliuliza, "Na sisi wengine je? Huwa mnaingia?" Mhasibu wa tawi la Magindu akasema kuna siku aliandika habari za mimba ya mke wake kwenye ile kompyuta, nani alisoma? Bwana Wilbrod akasema jambo hilo si la kikao hiki. Mama wa utumishi akasema, "Naona ndilo la kikao hiki." Ndipo wewe ukainuka, ukachukua kofia, ukatoka. Walidhani umetoka kwa hasira. Mimi nadhani ulitoka kwa sababu midomo ilikuwa mingi mno kwa macho mawili.

Uamuzi: wewe umepewa mpaka mwisho wa Juni kutoa maelezo kwa maandishi, na mama wa utumishi ndiye atakayeyapokea. Mimi nimesimamishwa mpaka watakaponiita. Wanasema nilificha undugu na nikavuruga kikao. La undugu ni kweli. Kabla sijakabidhi, niliingia matawi yote nikarudisha kile kidirisha cha kuomba ruhusa mahali pote kilipokuwa kimeondolewa, maana haikuwa kompyuta yako peke yake, na nikawatangazia watumiaji wote. Fabian akasema, "Na ya Magindu umeikumbuka?" Nilikuwa nimeisahau. Akairudisha yeye. Nilimdhania vibaya mtu huyo.

Huku sina la kufanya. Nafagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Simu ikilia naruka.

Stellamaris alikuwa mlangoni ulipotoka, alikusindikiza kutoka Kisarawe kumbe. Alikuita mara mbili, hukugeuka. Akakimbia akaja mbele yako. Muulize yeye amejua tangu lini.

Rukaya


Masaki, Kisarawe
30 Juni 2024

Mdogo wangu Rukaya,

Marahaba, na ile ya barua iliyopita pia marahaba.

Iddi ya kuchinja tumeila vizuri, mbuzi alikuwa mdogo lakini mafuta anayo. Mama amekuwekea paja, limekaushwa, anamtishia kila anayelitazama. Mikorosho imeanza kutoa majani mapya. Wachoma mkaa wamehama wenyewe.

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu. Nilichukia, nisiseme uongo. Hasa ile ya sindano. Nilifika nyumbani siku ile nikamwambia Mwanahalima, "Kikao kilikuwa kizuri, tumecheka hata." Kumbe. Mtu kuchekwa ni jambo moja, mtu kuchekwa akasaidia kucheka ni jingine. Nilitaka kuichana karatasi. Halafu nikaona kwamba tangu mwaka juzi hiyo ndiyo mara ya kwanza ninayapata mazungumzo ya watu kamili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kila aliyesema na alichosema. Nikairudia. Nikampa Mwanahalima asome.

Alipomaliza aliniuliza, akinitazama usoni, "Kwa hiyo ulipokuwa hunijibu ulikuwa hunisikii?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Tukamwendea Mama. Unajua Mama alisema nini? Alisema, "Mimi nilidhani umenichoka." Mwaka mzima, Rukaya. Ananisemesha nikiwa nimempa mgongo, naendelea na jembe langu, naye anajiambia mwanangu amenichoka. Nilimshika goti.

Stellamaris nilimuuliza. Alijua tangu kabla ya friji. Ndiye aliyekuwa akizikimbilia simu na king'ora kila alipokuwepo; simu zilizoita mpaka zikakata ni za saa alizokuwa ametoka, kama siku ile ya benki. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambiaje, Baba? Ulikuwa unajitahidi sana." Nimekuwa najiona mjanja katika ofisi ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa ananifunika.

Nimeandika maelezo. Nimeyaandika mwenyewe, bila kuremba: sisikii sikio la kushoto, la kulia linasikia nusu, kengele ya friji sikuisikia, na jibu nililompa binti lilikuwa la kujificha. Nikayapeleka Kibaha kwa mkono wangu. Yule mama wa utumishi alinikalisha upande wa dirishani, akaongea taratibu bila kupiga kelele. Ametaka cheti cha daktari. Akikipata, nitawekwa stoo kubwa, oda za huko zote zinakuja kwa maandishi. Friji litafungwa taa ya kuwaka joto likipanda. Stellamaris atapokea simu na atalipwa kwa kuzipokea. Habari yako nilimuuliza. Alisema bado wanaijadili, na kwamba Wilbrod naye ana maelezo ya kuandika. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sikumdakia.

Sasa lako na langu. Sijakusamehe lote. Nikikaa mbele ya ile mashine bado mgongo unanisisimka, na hilo litachukua muda, usiliharakishe kwa kuniletea vitenge vya mke wangu. Lakini nina shida, na nimewapitia watu wote kichwani nikakurudia wewe.

Nimepangiwa daktari wa masikio Dar, Jumatatu ya tarehe nane. Mwanahalima hawezi kumwacha Mama. Nilipokwenda mara ya kwanza pale Kisarawe, daktari alivaa barakoa na kuongea akiwa anaandika, nikatoka na karatasi nisijue nimeambiwa nini, ninaitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Sitaki kuitikia tena nisichokijua.

Njoo Masaki Jumamosi na Bilali, ulale hapa, twende wote. Uingie nami chumbani. Usikae nyuma yangu wala pembeni. Uvute kiti ukae mbele, pale kwenye mwanga, na kila atakachosema yule daktari, kizuri au kibaya, ukiseme tena taratibu huku nakuangalia.

Kaka yako,
Mwinyimadi